Wafadhili Wengine

Saa kumi na moja jioni ya huko kwao
ni saa mbili ya usiku hapa Chake,
na fomu inataka muhtasari wa maneno mia mbili, si zaidi.
Mie nina mia mbili na kumi na tisa.
Nafuta "watoto". Nafuta "kijito".
Nafuta "walikuja wenyewe, vikombe mkononi".
Inabaki "sampuli".

Mwaka jana walinijibu kwa adabu:
wazo zuri, timu nzuri, lakini
kwa nini mtambo wa kukokotoa ukae kisiwani?
Sampuli zisafirishwe, uchambuzi ufanyike kwingine,
nanyi mtaletewa matokeo.
Mtaletewa.
Kama marobota ya mitumba gatini Mkoani.

Chuo changu cha kwanza kilikuwa sakafu ya Maalim Mtwana,
jamvi, ubao mapajani, alifu kwa ujiti.
Chuo cha pili kikanipa herufi nne tu,
nne, zinazopangwa na kupanguliwa mara milioni mia nne
ndani ya mnyoo mwembamba kama uzi wa kushonea kofia,
anayekaa jirani na kibofu cha mtoto
akitaga, akitaga,
hata haja ndogo ya mtoto ikatoka na wekundu
na mtoto akadhani ndio ukubwa.
Maalim alikuwa akisema: irabu moja ikihama, maana imehama.
Mnyoo naye ndivyo.
Herufi moja ihame, na kidonge kitapita mlangoni kwake
kama mgeni asiyejua nyumba.

Bi Asaa wa Uwandani aliniuliza, bila ya shari,
kama mtu anayeulizia kifurushi alichotia melini:
"Ule mkojo wa mwanangu umefika wapi?"
Nikamwambia, Ulaya.
Akacheka hata akashika ukuta.
"Kumbe umenitangulia! Mie hata Unguja sijafika."

Jedwali la bajeti lina safu ya tiketi za ndege,
ya hoteli, ya mshauri kwa siku.
Petroli ya jenereta nimeitia kwenye "mengineyo",
pamoja na Shaame, ambaye kazi yake haina jina:
ndiye anayeijua njia ya mtoni,
na ndiye anayeupangusa mtambo vumbi kwa kanga ya mkewe.

Kipengele cha kumi na moja.
*Taja wafadhili wengine wa mradi na kiasi walichotoa.*
Nikaandika "Haku",
kidole kikasita.

Siku ile umeme ulipokatika mchana kutwa na usiku kucha,
na jenereta imekauka, na friza inaanza kutoa jasho,
Shaame alikimbia Tibirinzi kwa Bi Mkejina, muuza barafu.
Hakuuliza ni nini. Alifunua friji lake, akasema, pakieni.
Sampuli mia tatu na sita zililala
baina ya barafu za ukwaju na za ubuyu,
zikaamka salama.
Kesho yake watoto wa skuli hawakupata barafu,
na yeye hakupata elfu thelathini zake.
Nilipompelekea pesa alizirudisha ndani ya kiganja changu, akakifunga.
"Nilipe habari. Mkijua, mnambie."

Basi nikaandika: Mkejina Khatib, Tibirinzi.
Barafu, vipande mia na hamsini.
Fomu ikakataa. Inataka tarakimu, tena kwa pauni.
Nikapiga hesabu: tisa.
Nikaingiza tisa.
Ikatoa alama ya kijani, kama vile imeona wengi wa namna hii.

Saa mbili kasoro dakika sita.
Nikarudi juu, kwenye swali la mwaka jana,
nikafuta aya mbili za Kiingereza changu kizuri,
na mahali pake nikatia sentensi moja,
sijui kama wataisoma au wataikatia alama:
kwamba tunadaiwa jibu,
na mwenye kudai anakaa dakika tano kwa miguu
kutoka mlango huu.