Tochi ya Lindo

Kwa Mbwambo fundi, Mtaa wa Aggrey, saa tisa mchana,
nimefungua kichwa cha tochi mezani pake:
pete, kioo, kikombe cha fedha kilichopauka,
na glopu ndogo iliyofifia kama jicho la samaki wa juzi.

"Umeirithi?"
Nimeachiwa na Siwema.
Alilinda ghala la Vingunguti miaka kumi na mmoja,
magoti yakamstaafisha kabla ya kampuni.
Kwenye mwili wa tochi alikwaruza S kwa msumari.
Mimi sijathubutu kuongeza yangu.

Mbwambo ananipangia taa tatu za LED juu ya gazeti
kama muuza dagaa apangavyo mafungu.

Ya kwanza, lumeni elfu moja na mia mbili.
"Hii, dada, ukiiwasha Ubungo, Kimara wanafunga mapazia.
Kizuri chajiuza."
Kibaya chajitembeza, namaliza moyoni,
na hiki, naona, chajimulika chenyewe.
Inadumu muda gani?
Anajikuna shingo.
"Dakika arobaini. Halafu inapoa yenyewe, sababu ya joto."
Lindo langu ni saa kumi na mbili.
Dakika arobaini za ufalme,
halafu usiku mzima wa kuomba radhi.

Ya pili ni ya bei ya chini,
haina hata kitako cha shaba cha kunyonya moto.
Naijua. Ilimuungulia Chiduo wa geti la tatu
usiku wa mvua, akiwa anahesabu
hatua za mtu aliye upande wa pili wa ukuta.

Ya tatu ina unjano.
"Hiyo vijana wanaiita ya kibibi. Lumeni mia tatu na hamsini tu.
Ila ina hatua nne, na ile ya chini kabisa
inakesha hadi asubuhi na chenji inabaki."

Najifunika mtandio, nainama chini ya meza.
Mbwambo anacheka, wapita njia wanachungulia.
Namulika kiganja kwa ile kubwa:
mkono wa maiti, kijivu, mistari yote imefutwa.
Namulika kwa ile ya kibibi:
kiganja kinanirudia.
Kovu la pasi. Hina ya harusi ya mdogo wangu,
imebaki kwenye kucha mbili.

Watu hudhani mlinzi anataka mwanga wa kutisha.
Mimi nataka kujua
kilichomwagika sakafuni ni maji au dizeli,
wekundu ule kwenye bati ni kutu
au kuna aliyepita akaacha ngozi yake.

Na usiku ule wa Machi, nyuma ya makontena,
nilimmulika mtu kwa tochi ya kuazima, nyeupe pe,
nikaona uso tambarare kama sahani.
Nikapuliza filimbi.
Marungu yakafika kabla sijashusha pumzi.
Alikuwa Fikirini, wa zamu ya kupakia,
amerudi kufuata ndala zake.

Jino halikurudi.
Tunasalimiana. Huitikia mdomo umefungwa.

"Elfu ishirini na mbili."
Kumi na saba.
"Unataka ndogo, na bado unapunguza?"
Nataka ninayoweza kuonea.
Tunakutana kwenye kumi na tisa.

Anachomelea. Risasi inanuka, moshi unapanda
hadi kwenye chaja zilizoning'inia.
Anakaza pete, anaiwasha, ananipa:
kwa jua hili la Kariakoo
huwezi hata kujua kama inawaka.

Saa kumi na mbili na robo, getini,
wapakiaji wanatoka mmoja mmoja.
Umeme umekatika tangu alasiri.
Nateremsha hadi hatua ya chini kabisa,
naelekeza mwanga ardhini, kwenye mtaro usio na kifuniko.

Fikirini anafika ukingoni, anasimama kidogo.
Namwona kuanzia magotini kwenda chini.
Ndala zote mbili, kamba moja imeshonwa kwa waya wa bluu.
Bluu kabisa.
Anaruka.