Aliye Macho

Bi Thuwaiba, mshauri wa shule hapa Mabela,
hakuniketisha kama mshitakiwa.
Alinimiminia kahawa, akasogeza tende,
ndipo akauliza:
"Yakdhani hulala saa ngapi?"

Nikacheka. Jina lake ni *aliye macho*,
naye darasa la tatu husinzia juu ya daftari la hesabu.
Nilikuja na majibu mfukoni:
simu, michezo, bibi yake anamdekeza.

Akanifunulia mchoro.
Geti letu la kijani. Taa moja.
Dirishani kichwa kidogo,
na pembeni, kwa Kiarabu kilichoparurwa na kuku:
*baba bado.*

Zamu yangu Sohari huisha saa nne.
Saa sita navua viatu barazani
nisimwamshe.

Hakunihubiria.
"Mpigie kabla ya kulala," alisema.
"Mwambie uko wapi."

Saa mbili usiku nikatoka nje ya karakana.
"Baba, uko wapi?"
"Sohari. Nitapita Barka wewe umelala."
"Utafunga mkanda?"
"Nitafunga."
Kimya. Kisha pumzi, pumzi.
Nikasimama na simu sikioni, grisi vidoleni,
hadi mama yake akanong'ona:
kata, kalala.