Uzi na Kiberiti

Mama yangu hakusoma lebo.
Lebo, alisema, huandikwa na mwenye kuuza.
Kiberiti chake alikitia kifundoni mwa leso, pamoja na chenji,
na bunda la soksi likifunguliwa pale Maweni,
kabla wenziwe hawajaanza kuvutana,
alichomoa uzi mmoja kwa ukucha,
akauwasha, akaupeleka puani,
macho kayafumba, kama anayeonja pilau ya harusi ya watu.

"Hii pamba. Yanuka daftari lililoungua,
na jivu lake, ukilipuliza halipo.
Hii sufu: nusa, ni nywele hizi.
Sufu, si sufi. Sufi ni ya mti, ya mto wa kulalia;
usije ukamvisha mteja mto."
Nailoni haikuwaka. Ilijikunja,
ikadondosha chozi jeusi, likaganda likawa shanga.
"Huyu muongo," akasema, "ila muongo anayedumu.
Muuzie bawabu. Itamzika."

Hariri ilipita mara moja tu, mguu mmoja,
imejificha ndani ya soksi za mpira.
Ilinuka kama sufu, lakini kwa adabu.
Hakuiuza. Aliivaa mkononi
akanipapasa shavu usiku kucha:
nilikuwa na miaka saba, na surua.

Jioni tulikaa sakafuni tukizioanisha.
"Kitendawili."
"Tega."
"Pacha wangu wawili; akipotea mmoja, aliyebaki haposwi."
Jibu nililijua, lilikuwa limejaa mapajani mwetu,
lakini nilikosa kusudi, ili anidai mji.
Nikampa Mambrui.
Akaenda Mambrui, akala samaki wa kupaka,
akarudi na jibu, na mimi na usingizi.

Miaka thelathini ya kusimama.
Mishipa ikampanda miguuni, buluu, imefumwa vibaya,
kama kazi ya mwanafunzi aliyeachiwa sindano.
Kliniki, muuguzi Nyevu akatuletea boksi:
soksi ndefu za kubana, mpaka pajani.
*Rangi ya ngozi*, boksi limeandikwa.
Ngozi ya nani, halikusema.

Mama akazigeuza nje ndani. Akazivuta, zikarudi.
Akazivuta tena, kama anayemsikiliza mtu asiyemwamini.
"Uzi gani huu?"
Nyevu akageuza boksi: "Nailoni, na mpira mwembamba wa..."
"Mwanangu, nimeuliza uzi. Boksi sikuliuliza."
Na kabla sijamshika mkono, kifundo kimefunguka,
njiti imelia *cha!* chini ya tangazo la kukataza sigara.

Nyevu akakimbilia dirisha.
Mama akanusa. Akanusa tena.
Sijawahi kumwona akinusa mara tatu.
"Huyu," akasema, "simjui."
Akalipa bila kuomba apunguziwe.

Sasa kila alfajiri, kabla hajashusha miguu,
mimi mtu mzima mwenye mvi napiga magoti.
Naikunja soksi mpaka kidoleni,
kama alivyonivisha siku za skuli:
kisigino kwanza kikae kwake, ndipo upande.
Pindoni pana tundu dogo, kingo zake ngumu, nyeusi;
kidole changu hulipitia, hakilisemi.

"Vuta, usiogope. Si yai."
Navuta.
"Na ukinipotezea moja?"
Nanyamaza.
"Haya, nipe mji."
Nampa Mambrui.
Ananiambia Mambrui keshaenda; nimpe mwingine.