Geuka Kushoto, Kama Wanisikia

Juu ya mlima, ndani ya kuba jeupe, antena inazunguka.
Sekunde kumi na mbili, mzunguko mmoja.
Inapiga hodi.
Inapiga hodi kwa mawingu, kwa vilele, kwa bahari ya Norwei,
na chochote chenye mwili huirudisha hodi ileile
ikiwa imekonda, punje tu ya iliyotoka.

Chini, mjini Bodø, saa tisa usiku,
Torbjørg Hauan amevua viatu chini ya meza.
Kwenye kioo chake kila ndege ina kibandiko:
jina, kimo, mwendo.
Ndege za siku hizi zina adabu,
zikiulizwa "nani?" hujibu kwa tarakimu nne.

Isipokuwa hii.
Ilikuwa ikijibu. Futi elfu nane, barua na dawa za Hammerfest,
rubani Jovnna, aliyemtania jioni kuhusu kahawa ya mnarani.
Kisha kibandiko kikafutika
kama jina lililoandikwa kwa kidole kwenye dirisha lenye mvuke.

Amemwita mara tatu. Kimya.
Kimebaki kitone,
na vitone vingine: mabata bukini wanaorudi kaskazini,
manyunyu, pengine meli.
Mwangwi hauna mdomo wa kujieleza.
"Labda ni bukini," anasema msimamizi.
Torbjørg hamgeukii.
Bukini gani huyo, kilomita mia mbili na sitini kwa saa?

"Kama wanisikia, geuka kushoto. Digrii thelathini."

Antena inakwenda zake, kusini, magharibi;
haraka ya mtu haiihusu.
Moja. Kitone kimo njiani mwake.
Mbili. Labda. Anafuta miwani kwa ncha ya shati.
Tatu,
kimekunja.
Kidogo tu, kama mtu anayegeuza shingo
aliposikia jina lake katikati ya soko.

Hakupiga kelele. Alivaa viatu
(kwa nini viatu, hata yeye hajui)
akasema: "Nimekuona. Sasa kulia, taratibu.
Kiwanja kiko mbele yako."
Na ile ndege isiyo na taa wala sauti,
mabawa yake, misumari yake, magunia yake ya barua,
ikaitikia kwa mwili mzima.

"Na kahawa," akaongeza, "utalipa wewe."

Antena ikazunguka. Sekunde kumi na mbili.
Kitone hakikuwa na la kusema kuhusu hilo.