Mate

Kopo lina jina la Bah Khrawbor, tarishi wa posta,
miaka hamsini na tisa, Laitkynsew.
Amesukutua mara tatu na bado mate ni mekundu.
Pembeni nimeandika: sampuli ina rangi.
Kana kwamba katika milima hii
kuna kinywa kilichowahi kuniletea nyeupe.

Kwetu njia haikupimwa kwa maili.
Kutoka posta hadi kanisani: popoo moja.
Hadi kwa mjane wa mwalimu: popoo mbili na nusu,
tatu mvua ikishika.
Ndivyo alivyotembeza barua miaka thelathini na moja,
shavu la kushoto limetuna tambuu na chokaa,
na kila mlango aliobisha ulimwongezea nyingine,
maana mgeni asiyepewa popoo hakukaribishwa,
amesimamishwa tu.

Sasa shavu limetuna bila tambuu.

Nageuza kopo. Nanyonya tone kwa bomba.
Vishimo tisini na sita, na yeye yumo katika viwili,
nisije nikamsingizia kwa mkono uliotetemeka.
Kingamwili huikamata protini
kama tundu linavyokamata kifungo cha shati.
Kisha rangi. Manjano ikikolea,
twadhani na ugonjwa umekolea.
Twadhani. Neno hilo haliingii kwenye fomu.

Dokta Synrem amepiga simu mara mbili kabla ya chai.
Anataka namba: akate taya hadi wapi,
matezi ya shingo ayatoe au ayaache,
amwambie Kong Thriding auze shamba la machungwa
au alisubiri msimu.
Namba moja, na nyuma yake mlolongo wa watu.

Wanaosema dalili ya mvua ni mawingu
hawajalala Sohra,
ambako wingu huingia kwa mlango wa jikoni,
hukalia blanketi, huchungulia chungu,
likatoka bila kudondosha tone.
Na ipo siku mbingu imetakata,
ukaanika mashuka, ukajuta.
Nimewaona wenye namba kubwa wakirudi na maandazi
kunishukuru, mimi niliyewatisha.
Nimemwona msichana mwenye namba ndogo, mshona sweta,
hakumaliza mkono wa pili.

Mashine imetema karatasi. Imevuka mstari.
Haikuuvuka kwa kuruka; imeuvuka kama mtu
anayevuka kizingiti akiwa na mzigo.
Narudia. Inavuka tena.

Yuko nje kwenye benchi, sikujua.
Kofia magotini, mdomo haufunguki zaidi ya vidole viwili.
Anasema kwa shida, kwa upande mmoja,
kana kwamba ananiuliza anuani:
“Binti, namba hiyo ni njia ya popoo ngapi?”

Nikamwambia daktari atamweleza.
Jibu safi. Limevaa glovu.

Wazee wetu hawasemi fulani amekufa;
husema anatafuna popoo barazani kwa Mungu.
Nilikua nikiupenda msemo huo.
Leo, kwenye korido yenye harufu ya dawa ya sakafu,
nilitamani Mungu awe na tabia nyingine,
awape wageni wake maji.

Walimkata Jumanne. Namba ilishuka,
ikashuka tena mwezi uliofuata, na Dokta akatabasamu
kwa uangalifu, kama anayekanyaga jiwe lenye ukungu.
Bah Khrawbor sasa huandika kwenye daftari la stempu.
Ameandika: Kanisani, hatua mia sita na kumi.
Ameanza kuhesabu upya nchi nzima.

Na mimi?
Mfukoni mwa koti jeupe kuna jani lililokunjwa,
nusu popoo, chokaa kidogo kwenye kifuniko.
Usiku mmoja wa zamu nilitema kwenye kopo,
nikalifunga, sikuliandika jina.
Liko kwenye friza, rafu ya chini, nyuma ya barafu.
Vishimo viwili tu vingetosha.
Kila asubuhi nafungua mlango ule kutafuta vya wengine,
na baridi yake hunipiga menoni.