Barafu Huzoleka

Siku ya nane wanasubiri uani,
watu wanne ndani ya gari jeupe, injini haizimwi,
masanduku ya barafu yamefunikwa mablanketi.
Arizona, Julai: lami imelainika,
hata mjusi hathubutu kuvuka.

Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku.
Kazi yangu kumsindikiza mtu hadi mlangoni,
kisha kurudi. Hakuna aliyewahi kuniuliza
mlango hufungwa dakika gani.
Bwana Tidrick aliniuliza.

Alikuwa fundi wa pampu za visima. Alijua
mtambo ukizimwa vibaya hauwaki tena.
"Uvimbe uko hapa," akagusa paji,
"unakula majina. Juzi umekula la mbwa.
Niondoke kabla haujamfikia Coralie."
Akageuza uso, glasi ya maji ikabaki mkononi mwangu.
Sheria inaniruhusu kuiweka chini.
Hainiruhusu kumsukuma.

Basi nikalowesha sifongo, nikapangusa midomo
ya mtu aliyekataa maji ili awe barafu.
Mofini kwa matone: kwa maumivu yake,
si kwa saa ya wale walio nje.
Kijana wao, Tobiah, alibisha hodi mara mbili.
"Bado?"
"Bado."
Nilimchukia. Kisha nikayaona macho yake, mekundu,
nikampa kahawa.

Coralie alikaa miguuni pa baba.
"Nimlilie lini?"
Sikuwa na jibu. Yote nijuayo kuhusu matanga
huanzia pale watu wanapokubali.

Saa kumi na dakika kumi na nne, alfajiri,
pumzi ilichelewa, ikachelewa, haikuja.
Daktari Quesada akasikiliza kifua, akaitaja saa,
na wino haujakauka wakaingia mbio
na beseni lao, na mashine ya kukandamiza,
kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda
kuliko kilivyopanda wiki nzima.
"Mgonjwa yuko tayari," wakaambiana.
Nami kwenye fomu nilikwisha andika: marehemu.

Gari lilipoondoka nilikuta vipande sakafuni,
chini ya kitanda, kando ya viatu vyake.
Maji yakimwagika hayazoleki, husemwa.
Barafu huzoleka.
Nikapiga magoti, nikazoa kimoja kimoja,
haraka, kabla jua halijafika dirishani,
sijui haraka ya nini,
na bado viganja vikalowa.