Kipimo cha Tano

Chuoni Mbeya tulifundishwa vinne:
joto, mapigo, pumzi, msukumo wa damu.
Tuliviimba kama watoto wa chekechea
tukimzunguka mwanasesere wa plastiki
aliyezaliwa mara mia mikononi mwetu
na hata siku moja hakulia.

Kisha nikapangiwa Makete,
zahanati ya vyumba vitatu,
ukungu unaingia dirishani bila kupanga foleni.
Sista Ezelina Sanga yuko hapa mwaka wa kumi na moja.
Ndiye muuguzi, ndiye mfamasia,
ndiye anayefukuza mbuzi kwenye benchi la wajawazito,
anahesabu vidonge kwa kisu cha mezani,
vitano vitano, midomo ikicheza.

Siku ya kwanza nikamwendea mama mmoja,
kipimajoto mkononi, sare imenyooka.
Sista akanishika kiwiko.
"Muulize kwanza ametoka wapi.
Halafu muulize atarudi na nani."

Anyesi Mahenge. Ametoka ng'ambo ya Kitulo,
kaondoka jogoo hajawika,
kavaa mabuti ya mumewe, yamejazwa pamba ya godoro
yasimvuke miguu.
Mume yuko Makambako anapakia viazi.
Mimba miezi minane. Atarudi peke yake.

Msukumo wa damu ulikuwa juu.
Nikacheka kidogo: nani asingekuwa juu
baada ya kilima kile?
Sista akamkalisha jikoni kwake, karibu na makaa,
akampa uji wa ulezi, akamwacha apumue.
Baada ya nusu saa tukapima tena.

Bado juu.
Na sasa anasema anaona vimulimuli, mchana kweupe.

Gari la wagonjwa lilikuwa gereji, Njombe.
Tweve akasimamisha fuso lake,
akashusha magunia sita kando ya njia
bila kuuliza nani atamlipa.
(Aliporudi alikuta matano na nusu.
Alilalamika, lakini si sana.)

Sista alikwisha kumchoma sindano ya magnesiamu,
huku na huku, akanipa saa yake ya mkononi:
"Hesabu pumzi. Zikishuka chini ya kumi na sita, piga kelele."
Kichwa chake mapajani mwangu, kona baada ya kona,
kumi na nane.
Kumi na nane.
Kumi na saba.
Sijawahi kuipenda namba kama ile.

Mtoto alilia saa tatu usiku, hospitali ya wilaya,
kilo moja na nukta tisa,
kelele ambazo mwanasesere hakunifundisha.

Kwenye rejesta, pembeni, nje ya safu ya mwisho,
niliandika: *saa tano kwa miguu, peke yake.*
Mkaguzi kutoka chuoni alipokuja
akapitisha wino mwekundu:
hakuna safu ya jambo hili.

Ni kweli, hakuna.
Sista hakusema neno.
Alingoja pikipiki ya mkaguzi ipotee kwenye misonobari,
akafungua droo ya vidonge,
akanipa penseli.